Digrii ya Marekani huku unabeba boksi: jipange kabla hujalipa ada

Wadau, hii naiandika kwa wale mlioko huku Marekani mnaobeba boksi, mnaolea wazee, mnaoendesha malori na Uber, ambao kila ukipiga simu nyumbani mama anauliza na shule je, unamjibu nitaanza Januari, na hiyo Januari wala husemi ya mwaka gani. Chuo cha kwenda kukaa darasani kweli huwezi, shifti inabadilika kila wiki na mtoto hana wa kumwachia. Lakini kuna vyuo ambavyo hakuna cha kipindi cha saa nne asubuhi wala kusubiriana na wenzako, unasoma mwenyewe, ukijiona uko fiti unapiga pepa, ukifaulu unafunguliwa somo linalofuata hata kama ni kesho yake. Nitaeleza vinavyofanya kazi, ila zaidi nataka niongelee mpangilio wa hatua, kwa sababu watu wengi wanalipa ada kwanza halafu ndio wanaanza kujipanga na hela inapotelea hapo.

Kinachojulikana zaidi ni Western Governors University, watu wanaita WGU. Kilianzishwa 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi, makao yake Utah, siyo cha biashara, na ithibati yake inatoka NWCCU, ndio hao hao wanaoipa ithibati University of Washington, kwa hiyo ukisikia mtu anasema eti chuo cha mtandaoni ni magumashi mwambie aende akaangalie. Ada inalipwa kwa muhula wa miezi 6, kwa kozi nyingi za bachelor inachezea kwenye dola 4,000 hivi, za unesi zinapanda. Sasa sikiliza hapa. Hiyo hela haihesabu masomo. Ukimaliza masomo manne ndani ya miezi 6 umelipa hiyo, ukimaliza 14 umelipa hiyo hiyo. Yaani unachonunua ni muda. Chuo kingine cha staili hii ni University of Maine at Presque Isle, programu yao inaitwa YourPace, wao vipindi vyao ni vya wiki 8 na ada ni ya jumla vilevile, hausomi kwa bei ya somo moja moja.

Piga hesabu kidogo. Bachelor ya huku ni kama kredi 120, kredi ni kipimo cha uzito wa somo. Kima cha chini WGU ni kredi 12 kwa muhula, sasa ukienda kwa hicho kima cha chini ni mihula 10, miaka mitano, dola 40,000 na zaidi. Mwenzako akiingia na kredi 70 mkononi akabakiza 50 akazimaliza kwa mihula miwili kalipa 8,000. Digrii ni ile ile, cheti ni kile kile. Hapa akili ya darasani siyo inayoleta tofauti, tofauti ni nani alijiandaa nje ya geti kabla saa haijaanza kuhesabu.

Kabla ya yote, makaratasi. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, ile F-1, acha hii njia kabisa, sheria inakuruhusu kuhesabu somo moja tu la mtandaoni kwa semista katika mzigo wako, ukihamia onlaini moja kwa moja umepoteza stetasi na hakuna digrii yenye thamani ya hilo. Hii ni ya wenye grini kadi, raia, na wengine wanaoruhusiwa kukaa na kufanya kazi. Na wale mlioko Bongo, Nairobi au Muscat mnaosoma hapa, WGU inapokea wanaoishi Marekani, msije mkatuma maombi bure. Msidanganywe pia na vyuo vinavyokupigia simu vyenyewe vikisema uzoefu wako wa kazi unatosha digrii kwa wiki mbili. Mwaka 2015 New York Times waliianika kampuni moja ya Karachi inaitwa Axact iliyokuwa inauza vyeti vya vyuo visivyokuwepo duniani, na kati ya wateja wake walikuwemo watu wa Ghuba. Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha ya bure ya vyuo vyenye ithibati, andika jina, kama halitokei funga ukurasa ukalale.

Haya, vyeti vya nyumbani. Usidharau ulichosoma kule. Kama ulifika mwaka wa pili Mlimani au Kenyatta ukaondoka, au una diploma ya ualimu, zile zinaweza kuwa kredi. Zinapitia kwa mashirika ya kutathmini vyeti vya nje, WES na ECE ndio wengi wanatumia, na unapoomba omba ripoti ya somo kwa somo, siyo ile ya jumla, maana ya jumla inasema tu huyu ana sawa na diploma, chuo hakijui kikupunguzie somo gani. Kazi ngumu ni transkripti kutoka chuo cha nyumbani, kwa sababu wanataka itoke chuoni moja kwa moja siyo mkononi mwako, na ofisi za usajili za kwetu mnazijua, barua pepe inaweza kukaa mwezi haijafunguliwa. Tafuta ndugu anayeishi karibu, mpe nauli na barua ya idhini, aende ana kwa ana na akirudishwa njoo kesho aende kesho. Hili lianze mapema kuliko yote.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokuja kwa njia ya ukimbizi na vyeti viliungua au vilibaki, msikate tamaa, kuna GED, cheti kinachosimama badala ya cha sekondari, mitihani minne tu, hesabu, lugha, sayansi na masomo ya jamii, kila mmoja unahitaji alama 145. Kwa bahati mbaya ni kwa Kiingereza au Kispanyola, Kifaransa hakuna tena. Vituo vya elimu ya watu wazima vya kaunti vinafundisha bure au kwa hela ndogo na madarasa ya jioni yapo.

Sasa tuje kwenye kredi za bei rahisi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hela ilipo.

Kuna sehemu inaitwa Sophia, unalipa kwa mwezi, imekuwa dola 99 kwa muda mrefu, unasoma masomo mawili kwa wakati mmoja na ukimaliza moja unafungua jingine, hakuna kikomo. Mitihani yao unaruhusiwa kuangalia madesa, kwa hiyo mtu aliyetulia anaweza kumaliza masomo matatu manne kwa mwezi bila kuacha kazi. Kiingereza cha kuandika, takwimu, sosholojia, mawasiliano, haya yote ya mwaka wa kwanza yamalizie huko. Study.com ni kama hiyo, bei iko juu kuliko Sophia lakini ina masomo ya juu ambayo Sophia hawana. Ila usianze tu kubukua kwa furaha. WGU wana orodha kwenye tovuti yao inayoonyesha kila programu na masomo gani ya Sophia wanayapokea, fungua ile orodha, ichapishe, weka tiki. Na chuo kingine chochote, pata jibu kwa maandishi kutoka kwa mtu wa udahili kwamba somo hili linaingia pale, siyo kwamba tunapokea kredi za Sophia. Kupokelewa kredi na kupunguziwa somo ni vitu viwili, unaweza kupokelewa kredi 20 zikakaa kwenye kona hazipunguzi kitu.

Ya pili ni CLEP, mitihani ya College Board, unaenda kituoni unapiga pepa ya saa moja na nusu hivi, ukipata 50 kwenye kipimo cha 20 mpaka 80 kwa vyuo vingi umepita na kredi ni zako. Ada ya pepa moja ni dola 90 na kitu, ila kuna shirika linaitwa Modern States, ukimaliza kozi yao ya bure wanakulipia hiyo pepa. Sijui kwa nini watu wetu hawalijui hili. Kuna pepa ya Kifaransa pia, na hapa mtu aliyesoma Bujumbura au Lubumbashi anaokota kredi 6, akifanya vizuri zaidi 9, kwa lugha aliyoanza kuandikia akiwa darasa la kwanza. Na Kiswahili je? CLEP hakuna, lakini ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha, wana mtihani wa kuzungumza Kiswahili kwa simu, na ACE, ambao ndio vyuo vinawasikiliza kwenye mambo ya kredi, wanapendekeza kredi kwa mitihani yao. Lugha hizi zina faida kwenye vyuo vyenye nafasi ya masomo huru, kama Thomas Edison cha New Jersey au Charter Oak cha Connecticut, WGU masomo yao yamebanwa na lugha haina pa kuingia. Kwa hiyo kwanza chagua chuo, halafu ndio uende kuokota kredi, siyo kinyume.

Na haya yote yafanyike KABLA. WGU kwa kawaida ukishaanza muhula wa kwanza mlango wa kuleta kredi kutoka nje umefungwa. Wanapokea wanafunzi wapya tarehe 1 ya kila mwezi, kwa hiyo hakuna haraka, hakuna intake utakayoikosa, yule mshauri wa udahili anayekupigia kila siku akisema tukuandikishe tarehe 1 mwambie kwa upole bado nakusanya. Kazi yake ni kuandikisha, yako ni kulipa, msichanganye majukumu.

Hela. Mwenye grini kadi anajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, kama raia tu, ni bure, ukiona mtu anataka dola 50 akujazie mkimbie. Ukiwa kipato ni cha chini na hujawahi kuwa na bachelor unaweza kupata Pell Grant, hiyo hairudishwi, kwa mwaka wa masomo 2024/25 kikomo chake kilikuwa dola 7,395. Linganisha na ada niliyotaja juu uone. Halafu muulize HR wa kazini kwako. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia masomo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, na hospitali na nyumba za wazee nyingi wanayo hiyo bajeti na inakaa bila mtu kuiomba. Amazon wana Career Choice, mfanyakazi wa saa anaanza kustahili baada ya siku 90, wanalipa chuo moja kwa moja, kwa hiyo wale wanaobeba boksi kweli kweli, siyo kwa msemo, mnaweza kuwa mmelala juu ya ada. Tatizo la misaada ya kazini ni masharti, mwingine anataka ukae mwaka baada ya kumaliza, mwingine ana orodha yake ya vyuo, soma kabla hujasaini.

Mikopo ipo, ila hapa tuelewane. Ukikopa zaidi ya ada wanakurudishia kinachobaki kwenye akaunti, na waliosoma Bongo watakumbuka siku bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linaingia jinsi chuo kizima kinavyonukia chipsi kuku. Usiiite hiyo refandi hela ya kumalizia nyumba Kibaha. Mikopo mingi ya watu wazima riba inaanza kutembea siku ile ile umepokea.

Umeingia WGU sasa. Unapewa menta anayekupigia, mwanzoni karibu kila wiki, wengine wazuri wengine anasoma tu karatasi, ukiona hamwendani omba ubadilishiwe, hawachukii. Masomo yana mitihani ya namna mbili, wenyewe wanaita OA na PA. OA ni pepa ya kuchagua majibu, unasimamiwa kwa kamera. PA ni asaimenti ya kuandika. Hakuna A wala B, ni umepita au hujapita, na kupita wanahesabu sawa na B, yaani 3.0. Kwa hiyo usihangaike kutafuta 95, ukipita sogea mbele.

Namna ya kusoma somo la OA: siku ya kwanza kabla hujafungua hata ukurasa mmoja fanya ile pepa ya majaribio. Utapata labda nusu, labda chini, haijalishi. Inakutolea ripoti mada kwa mada, hii umejaa hii umekaa vibaya, sasa msuli wako wote uelekeze kwenye zile nyekundu tu. Mtu aliyefanya kazi miaka sita kwenye nyumba ya wazee hana haja ya kusoma sura tatu za mawasiliano na mgonjwa, anazijua kuliko aliyeziandika. Tulizoea shule za kwetu kwamba kitabu kinaanza ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ndio umesoma, huku kwa staili hiyo unachoma muhula. Rudia majaribio, ukipita kwa nafasi nzuri weka miadi ya pepa kesho kutwa, usisubiri uive sana. Ukifeli wanakupa mpango wa kusoma halafu unarudia, ila kuanzia mara ya tatu kupata ruhusa ya kurudia kunakuwa kugumu, kwa hiyo usiende kujaribu bahati.

Siku ya pepa nyumbani kwako ndio shughuli. Msimamizi anataka uzungushe kamera chumba kizima, juu ya meza, chini ya meza, kuta, uonyeshe kitambulisho, masikio, hakuna mtu mwingine kuingia, hakuna saa ya mkononi, simu iwe mbali. Sasa wewe unakaa na wenzako wanne kwenye apatimenti ya vyumba viwili, mmoja anapika, mwingine anaongea na shemeji yake spika ikiwa wazi, mtoto anataka kujua baba anaongea na nani. Weka pepa saa ambayo wote wako kazini au wamelala, saa tisa usiku inawezekana kabisa, wao wanasimamia usiku na mchana. Bandika karatasi mlangoni. Na laptopu iwe yako, ile ya kazini imefungwa programu nyingi na mtihani utakugomea dakika ya mwisho.

PA ina siri moja tu nayo ni rubriki. Kila asaimenti inakuja na jedwali linaloorodhesha wanachotaka, A1, A2, B, C, mpaka mwisho. Chukua hizo herufi zifanye vichwa vya habari kwenye kazi yako, chini ya kila kichwa jibu hicho tu kilichoulizwa. Wamesema eleza sababu mbili, eleza mbili, siyo nne, na siyo utangulizi wa kurasa mbili kama insha ya form four kuhusu umuhimu wa elimu tangu enzi za mababu. Anayesahihisha anatafuta A1 iko wapi, akiipata anaweka tiki anashuka. Ndani ya siku kama tatu inarudi, ikirudi na maoni rekebisha pale tu waliposema usiguse pengine. Na usikopi, wala usimwachie roboti akuandikie, wana programu za kukagua kila kazi na kesi ya kuiba maandishi inakwenda kwenye faili lako.

Kuhusu ratiba, kila mtu anajua mwili wake, lakini kusoma ukitoka shifti ya usiku ni kujidanganya, unasoma ukurasa huo huo mara nne na jicho linakufunga. Lala kwanza. Ukiwa na kazi ya kukaa na mzee mmoja nyumbani kwake na yuko usingizini na mwajiri anaruhusu, yale masaa ni dhahabu, huko ndiko watu wengi wamemalizia digrii. Shifti zikiwa nzito wiki hiyo chukua PA uandike kipande kipande, za OA ziweke kwenye siku zako za ofu. Na waambie watu wa nyumbani mapema, pande zote mbili za bahari, kwamba kwa mwaka mmoja michango ya sendofu na kipaimara itapungua. Watanuna. Watazoea.

Angalia pia kile kima cha chini, kredi 12 kwa muhula, na ile asilimia ya ulichojiandikisha ambayo lazima ukimalize, karibu theluthi mbili, maana ukishuka chini wanakuonya halafu msaada wa FAFSA unakatwa. Siyo kudisko, yaani kufukuzwa chuo, kama kule kwetu lakini kwa mfuko wako ni kitu kile kile. Ndio maana muhula wa kwanza usijiandikishe masomo mengi, jiandikishe kima cha chini, ukimaliza menta anakuongezea jingine papo hapo.

CNA wenzangu, wasaidizi wa manesi, najua mnachowaza. RN, leseni ya unesi kamili, huwezi kuipata kwa kukaa na laptopu tu, kuna mafunzo ya hospitali kwa mikono na WGU hiyo programu ipo majimbo machache. Njia inayoenda kwa wengi ni komyuniti koleji miaka miwili upate leseni ya RN, halafu ndio BSN, bachelor ya unesi, unaimalizia huku kwa spidi yako, na hapo hospitali mara nyingi ndio inalipa.

Na kama una mpango wa kurudi, Tanzania cheti cha nje kinapitia TCU na Kenya ni CUE, ndizo tume za vyuo vikuu, wanakitambua na kukilinganisha. Waandikie kabla hujaanza, taja jina la chuo na kwamba masomo ni ya mtandaoni, lile jibu lao lihifadhi kwenye faili moja na transkripti zako, na ukihitimu omba transkripti nyingine moja iliyofungwa usiifungue, maana atakayeihitaji huko mbele atataka aifungue mwenyewe.